Klabu ikishuka kutoka League Two, inaweza kubaki na wachezaji wa muda wote?

Winga wa Kushoto

Wakuu, naomba tulichambue hili kwa hesabu, mapenzi tuyaweke pembeni. Klabu ya League Two, daraja la nne Uingereza, imeshuka hadi National League, daraja la tano. Wastani wa mashabiki ni 3,000 kwa mechi, uwanja ni wake, na mwenye klabu si mtu wa kumwaga pesa kila mwezi. Uongozi unasema wachezaji watabaki wa muda wote: mazoezi asubuhi siku nne au tano kwa wiki, hakuna mwenye kazi nyingine. Wengine wanasema afadhali kuhamia mazoezi ya jioni, Jumanne na Alhamisi, na wachezaji wenye ajira zao. Nini hasa kinaamua? Na kama ni kubadilika, wakati wake ni upi?

Daftari la Klabu

Mkuu, anza na gharama halisi ya kikosi. Chukua mfano wa wachezaji 20 kwa pauni 800 kwa wiki, wiki 52. Ni 832,000. Bajeti nyingi huishia hapo, na kosa linaanzia hapo hapo. Tangu Aprili 2025 mwajiri analipa bima ya taifa ya asilimia 15 kwa kila kinachozidi pauni 5,000 kwa mwaka. Mchezaji wa 41,600 kwa mwaka anakugharimu 5,490 za ziada, yaani 109,800 kwa kikosi kizima. Pensheni ya asilimia 3, inayohesabiwa kwa kinachozidi 6,240, ni kama 21,200. Toa nafuu ya 10,500 anayopewa mwajiri kwa mwaka. Unabaki na takriban 952,500, na hujamlipa kocha wala mtu wa nyasi.

Sasa kikosi cha muda, yaani cha wenye ajira nyingine: watu hao hao 20 kwa pauni 400, wiki 40. Mishahara 320,000, na ukiweka bima na pensheni, zikihesabiwa wiki kwa wiki, kisha ukatoa nafuu ile ile, unafika karibu 352,700. Tofauti ni 600,000.

Upande wa mlangoni una mechi 23 za nyumbani. Tiketi ya pauni 18 si pauni 18, kwa sababu ndani yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, hivyo klabu inabaki na 15. Changanya na watoto, wazee na tiketi za msimu zenye punguzo, tuseme wastani unashuka hadi 11. Mashabiki 3,000 mara 11 mara 23 ni 759,000.

Hapo jibu la swali lako linaonekana. Viingilio vinalipa kikosi cha muda na kubakiza kama 400,000 za kuendesha klabu. Kikosi cha muda wote kinavimeza vyote na bado kinadai karibu 193,500. Pengo hilo lazima lijazwe na wadhamini, baa, kukodisha kumbi, au fedha za parachuti ambazo EFL, yaani ligi inayosimamia madaraja ya pili hadi ya nne, humpa aliyeshuka. Tatizo la parachuti ni kwamba ni ya miaka miwili, na malipo ya mwaka wa pili ni madogo kuliko ya wa kwanza. Kwa hiyo msinionyeshe bajeti ya msimu wa kwanza, hiyo karibu kila klabu inaimudu. Nionyesheni ya msimu wa tatu.

Kiungo Mkabaji

Nakubaliana na hesabu, ila uwanjani kuna mambo ambayo daftari halionyeshi.

Kwanza, huwezi kumgeuza mchezaji wa muda wote kuwa wa muda kwa tangazo. Mkataba wake unabaki vile vile mpaka akubali kubadilishiwa au alipwe aondoke. Kifungu cha kupunguza mshahara klabu ikishuka kinafaa tu kama kiliandikwa siku anasaini. Kama hakipo, unaanza daraja la tano na mishahara ya daraja la nne.

Pili, mtego wa vijana. Mchezaji aliye chini ya miaka 24 akimaliza mkataba, klabu inalinda haki yake yenyewe ya kulipwa fidia na klabu itakayomchukua kwa kumpa ofa isiyo duni kuliko mkataba unaoisha, kwa maandishi, kufikia Jumamosi ya tatu ya Mei. Klabu iliyoshuka inataka kupunguza mishahara wakati huo huo. Ukimpa ofa ya chini kuokoa pauni 200 kwa wiki, anaondoka bure. Amueni jina kwa jina nani mna hakika atauzika, huyo apewe ofa kamili, wengine waachwe.

Tatu, soko la wachezaji wa muda ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Mtu mwenye kazi anahitaji kuishi kama saa moja ya gari kutoka uwanjani. Na National League ni ligi ya nchi nzima: msimu wa 2025/26 ilikuwa na Gateshead na Truro City pamoja, safari ya zaidi ya kilomita 1,300 kwenda na kurudi. Mechi kama hiyo ikiangukia Jumanne usiku, mwalimu au fundi umeme anapoteza siku mbili za kazi. Ndipo unapomkosa beki wako bora.

Na majeraha. Msuli wa nyuma ya paja ukichanika Jumamosi, katika klabu ya muda mtaalamu wa viungo anauona Jumanne saa moja jioni, mchezaji akiwa ameshasimama kazini siku mbili. Katika klabu ya muda wote anaangaliwa Jumapili asubuhi. Kwa msimu wa mechi 46 tofauti hiyo ni pointi.

Mtunza Kumbukumbu

Historia haitoi jibu moja. Bristol Rovers walishuka 2014 wakarudi 2015. Luton walishuka 2009, wakarudi 2014, na 2023 wakapanda Premier League. Lakini Notts County walishuka 2019 na kurudi 2023, na Wrexham walikaa huko tangu 2008 hadi 2023, miaka 15. Hata Wrexham walihitaji pointi 111 kuwa mabingwa, na Notts waliofikisha 107 wakalazimika kupita kwenye mchujo. Nafasi za kupanda ni 2 tu kati ya timu 24. Anayepanga bajeti kwa kutegemea kurudi mwaka mmoja anaweka klabu rehani kwa nafasi hizo mbili.

Kwa upande wa pili, kuwa wa muda si kifo. Stockport County walishuka tena 2013 hadi daraja la sita wakawa klabu ya muda. Walishinda daraja hilo 2019, wakapata mmiliki mpya 2020, wakarudi muda wote na kupanda League Two 2022. Na Sutton United walichukua ubingwa wa National League 2021 wakiwa klabu ya muda.

Sutton wana funzo jingine linalokuhusu, maana umesema uwanja ni wa klabu. Nyasi bandia zinaruhusiwa National League na zinaweza kukodishwa kila jioni. EFL hairuhusu. Sutton walipopanda iliwabidi kuzing'oa. Kwa hiyo ukiziweka, tenga na gharama ya kuziondoa.

Winga wa Kushoto

Asanteni wakuu. Je, hakuna njia ya katikati?

Kiungo Mkabaji

Ipo. Asubuhi tatu kwa wiki badala ya tano, wachezaji 16 wenye uzoefu, na vijana wanne au watano wa mkopo. Mchezaji anabaki na siku mbili za kusoma ukocha au kufanya kazi ndogo, nawe unalipa kidogo. Ila chungeni kima cha chini cha mshahara: kwa mwenye miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025. Ukimhesabia saa 35, ni pauni 427 kwa wiki. Kijana mnayemlipa 300 na kumweka klabuni kutwa nzima anawaletea kesi.

Daftari la Klabu

Naongeza la kalenda, kwa sababu klabu nyingi huanguka hapo. Kodi na bima ya mishahara vinatakiwa viwe vimelipwa tarehe 22 ya mwezi unaofuata. Mei hadi Julai hakuna mechi ya ligi, lakini kikosi cha wiki 52 kinadai kila mwezi. Pesa inayoingia ni ya tiketi za msimu, na hiyo ni deni: umeshauza mechi 23 ambazo hujacheza. Ikitumika Juni kufuta madeni ya msimu uliopita, Januari hakuna kitu, tarehe 22 inapita, na barua ya kuomba mahakama iifunge klabu inafuata. Macclesfield Town ilifungwa na mahakama Septemba 2020, muda mfupi baada ya kushushwa.

Kuhusu lini: msimu wa kwanza bakini muda wote, parachuti ibebe. Ila kila mkataba mpya uishe 30 Juni ya mwaka wa pili, usivuke hapo. Februari ya mwaka huo wa pili kaeni na namba mbili tu, wastani wa mashabiki na udhamini uliosainiwa kwa msimu ujao. Pengo la 193,500 likiwa halijafunikwa kwa mikataba iliyo mkononi, tangazeni mabadiliko Machi, ili wachezaji wapate muda wa kutafuta klabu na kocha apate muda wa kutafuta watu wanaoishi karibu.