Naomba ushauri: kaka yangu ana usahaulifu, anaambiwa bangi inapoza ubongo

Binti_Wete: Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika kuhusu kaka yangu, yupo Wete, Pemba, ana miaka 46. Anatumia ARV, dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI, tangu 2014, hajaruka dozi, na kipimo cha mwisho virusi havikuonekana. Lakini akili yake si ile tuliyoizoea. Msimu huu wa karafuu yeye ndiye aliyekuwa akiwapimia wachumaji pishi zao. Bibi mmoja kaleta pishi sita, kaandikiwa nne. Alipolalamika, kaka akalitazama daftari kama mwandiko si wake. Juzi mvua imekuja karafuu ziko juani kwenye majamvi, yeye yuko barazani anaiona, hakunyanyuka mpaka watoto walipopiga kelele.

Sasa kijana wetu aliyeko Dar kamtumia makala kwamba kemikali za bangi zinapunguza uvimbe wa ubongo kwa wenye virusi. Kaka anataka atafutiwe. Hajavuta hata sigara maishani mwake! Naogopa kumpa, na naogopa kumnyima kitu kama kweli kinasaidia.

Yakhe_Mkoani: Bangi ni haramu, na polisi hawatamuuliza kama ni dawa. Usimtafutie.

Mama_Kliniki: Waalaykum salaam mwanangu. Nimehudumia CTC, kliniki ya wenye virusi, miaka mingi, basi nikueleze vizuri, maana makala hiyo haikutungwa hewani. Virusi huingia ubongoni mapema, vikibebwa na chembe nyeupe za damu ziitwazo monosaiti. ARV huvidhibiti, lakini kinga iliyoko ubongoni inaweza kubaki imechachamaa kwa miaka. Huo ndio uvimbe wanaousema, usifikirie jipu. Kanabinoidi, yaani kemikali za bangi kama THC, ile inayolevya, hushika vipokezi (sehemu za kupokea ishara) vilivyopo kwenye chembe za kinga na kuzituliza. Mwaka 2017 kundi la Norbert Kaminski wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, lilikuta wenye virusi wanaotumia bangi wana monosaiti chache za aina inayochochea uvimbe.

Lakini soma hapo kwa makini. Walipima damu ya watu ambao tayari walikuwa wakitumia. Hawakuchukua mtu msahaulifu wakampa bangi akapona. Na THC yenyewe hupunguza kumbukumbu, hilo halina ubishi. Huo msokoto wa mtaani nani anajua una THC kiasi gani? Moshi nao una mapafu yake ya kuharibu.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba hakuna aliyetafuta sababu. Analala? Ana huzuni? Presha imepimwa? Kaswende, upungufu wa vitamini B12 na fangasi wa ubongo, vyote huvuruga akili na vyote vina tiba. Akiumwa kichwa sana, akipata homa au shingo ikikakamaa, asingoje tarehe, apelekwe siku hiyohiyo.

Naishi_Nayo: Dada, mie nina virusi na nilivuta miaka mitatu. Maumivu ya miguu yalipungua, sisemi uongo. Lakini nilikuwa nalala na kidonge mkononi sijakimeza, na virusi vikapanda tena. Muulize kaka yako kuhusu usingizi. Wanaume wa kwetu hawasemi.

Binti_Wete: Mungu awalipe. Nimemuuliza jana baada ya isha, tuko wawili tu. Kumbe tangu alipobadilishiwa dawa halali mpaka alfajiri, na hajamwambia mtu, hata mkewe. Kidonge anameza usiku.

Mama_Kliniki: Kama ni hichi chenye dolutegravir, aina mojawapo ya ARV, kwa baadhi ya watu kinafukuza usingizi, na wengi huhamishiwa asubuhi. Asihame mwenyewe, azungumze na daktari wake. Na aseme yote, pamoja na hiyo mvua ya majamvini.

Binti_Wete: Tumeenda. Atameza asubuhi baada ya chai, na Jumatano anapimwa damu. Daktari kamwekea pia siku ya maswali ya kumbukumbu. Makala ya bangi tulimwonyesha, akaisoma mpaka mwisho, akamwambia kaka asianze. Daftari la pishi sasa anashika binti yake aliyemaliza skuli. Anasoma namba kwa sauti, babake anairudia, ndipo wanaandika.