Taa ikizimwa mwanga unaenda wapi? Tupeane uzoefu wa kuwafundisha watoto mwanga, sauti na nishati

MamaPili_Awali
Wakuu, habari za jioni. Jana LUKU (umeme wa kulipia kabla) iliisha ghafla tukiwa mezani, na mwanangu wa mwisho, ana miaka mitano, hakulia kama kawaida yake. Akauliza, "Mama, ule mwanga umeenda wapi?" Nikamwambia ale kwanza. Akala, akauliza tena. Mimi nafundisha darasa la awali, kila siku tunaimba kwamba jua linatupa mwanga na joto, wanaitikia vizuri mno, lakini swali lile limenikalisha. Mliowahi kuwafundisha wadogo mambo ya mwanga, sauti na nishati, au mliofundishwa yakawaingia, karibuni. Naomba vitu vya kufanya kwa mikono, siyo maelezo ya kidato cha nne.

Kibatari
Mwambie umeenda kununua LUKU.

MjukuuWaMhunzi
Umerudi Rufiji kwenye bwawa la umeme kupumzika.

Injinia_Kapuku
Acheni masihara, dogo kauliza la maana. Mwanga haukai chumbani kama hewa. Taa inaumwaga muda wote. Ukigonga ukuta, sahani, uso wako, sehemu inaruka kuja machoni ndiyo unaviona vitu, sehemu inamezwa na kugeuka joto kidogo sana. Na unakwenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo taa ikikata kumwaga, uliobaki umeshamezwa hata hujapepesa jicho.

Kwa mtoto fanya hivi usiku: washa tochi ya simu, mulika karatasi nyeupe iliyo karibu na ukuta. Ukuta unapata mwanga. Toa karatasi, weka kitambaa cheusi. Ukuta unafifia. Muulize cheusi kimeupeleka wapi. Asijibu. Kesho tandika kitambaa cheusi na cheupe juani nusu saa, ashike vyote viwili. Atakujibu mwenyewe.

MamaPili_Awali
Hii naifanya Jumatatu. Ubarikiwe kaka.

Mwl_Mstaafu
Umenikumbusha kadibodi tatu. Waliosoma shule ya msingi enzi zetu wanazijua: unatoboa tundu katikati ya kila moja, unazipanga, unaweka mshumaa upande huu na jicho upande ule. Zikinyooka unaona mwali, ukisogeza moja huoni. "Mwanga husafiri katika mstari mnyoofu." Darasa halina shata, upepo unazima mshumaa kila dakika, na watoto themanini wanataka kuchungulia. Wengi waliishia kuichora tu ubaoni wakapata vema.

Kibatari
Mimi ni mmoja wao. Mpaka leo naweza kuichora, sijawahi kuiona.

Kibatari Mdogo
Na mimi.

MzaziWaKakamega
Nawasalimu kutoka Kenya. Nyinyi mna bahati, mwalimu ndiye anahangaika. Huku na huu mtaala wa umahiri, CBC, mtoto anakumbuka saa tatu usiku, ameshavaa nguo za kulala, kwamba kesho anatakiwa kwenda na katoni, kioo, uzi na mikebe miwili. Mikebe naitoa wapi saa hiyo? Nilimwaga kahawa na majani kwenye sufuria ili nipate mikebe mitupu. Tukatoboa, tukapitisha uzi, tukafunga fundo kwa ndani, yeye akaenda jikoni mimi nikabaki sebuleni. Haikusikika kitu. Nikakasirika, nikauvuta uzi kwa hasira, na hapo ndipo nikamsikia ananong'ona ndani ya mkebe, "Baba umekasirika?" Kumbe uzi ukilegea sauti haipiti. Lazima ukazwe, na usiguse mlango.

BintiWaLushoto
Kwetu milimani sauti tuliisoma kabla ya shule. Unasimama kwenye kilima unamwita mtu wa ng'ambo ya bonde, unajibiwa kwa sauti yako. Bibi alikuwa anatukataza, anasema ukiita jua likizama anayejibu si mlima. Sasa mwalimu alipofika kwenye mwangwi, darasa zima likawa kimya, hakuna aliyetaka kuita. Ilibidi aite yeye. Akajibiwa. Tukamhesabu kuwa ni mganga.

MtotoWaStesheni
Hayo ya kujifunza kwa mikono mnayaomba kirahisi. Ngojeni niwape ya sikio.

Nimekulia kijiji cha stesheni, Reli ya Kati, upande wa Manyoni kwenda Tabora. Kengele ya shule yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mkwaju, kinagongwa kwa bolti. Nikiwa darasa la nne akaja mwalimu wa sayansi, kijana, ndiyo katoka chuo. Huyu hakuandika ubaoni kwamba sauti husababishwa na mtetemo. Alitutoa nje, akaigonga ile kengele, akasema tuiguse kwa ncha za vidole. Inasisimua mpaka kwenye kiwiko! Kisha akasema ishikeni kwa viganja. Tukaikumbatia, ikanyamaza palepale. Tukagombania kuigonga na kuinyamazisha mpaka madarasa mengine yakatoka yakidhani ni mapumziko.

Kesho yake akatulaza masikio kwenye madawati. Mmoja anakuna kwa ukucha upande wa pili, wewe unasikia kama anakuna ndani ya kichwa chako. Akasema sauti hupita upesi zaidi kwenye kitu kigumu kuliko hewani, na kwenye chuma ndiyo usiseme. Akamalizia: "Ndiyo maana watu wa zamani walilaza sikio relini wakajua treni inakuja." Kengele ikagongwa, tukatawanyika.

Mliokulia kwingine hamwezi kuelewa. Kumwambia mtoto wa stesheni maneno yale halafu ukampa ruhusa ya kwenda nyumbani, umemtuma.

Tulikuwa sita. Tukapita nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli mpaka kwenye kona, pale njia imechimbwa katikati ya kilima, chochote kinachokuja hukioni mpaka kifike. Tukalala, watatu reli hii, watatu ile, shavu kwenye chuma kilichokula jua tangu asubuhi. Kinaunguza. Tukatandika madaftari, hatukusikia kitu. Tukatoa madaftari. Mwanzoni nasikia moyo wangu tu. Halafu ikaja. Si mlio wa treni ule mnaoujua. Ni kitu chembamba, tiiiii, na ndani yake vigongo vidogo vinafuatana. Nikainua kichwa: upepo na njiwa, basi. Nikalaza: vipo. Mmoja akasema inatoka Tabora, mwingine akasema Dodoma. Ukazuka ubishi, na ubishi ndio uliotuponza, maana kila mtu alizidi kubana sikio na kufumba macho ili amshinde mwenzake.

Kilichotokea kwenye kona hakikuwa treni. Kilikuwa kiberenge, kile kigari kidogo cha relini, cha mafundi wa njia. Nilichosikia kwa sikio la hewani ni yowe, "Nyieeee!", na chuma kinasaga chuma. Wenzangu wakaruka. Mimi sweta limenasa kwenye kibanio cha reli. Nilitokaje, sikumbuki. Nakumbuka kifungo kimeruka, na kokoto mdomoni. Kiberenge kilikuja kusimama kikiwa kimeshapita pale nilipolala.

Hawakutugusa. Mnyapara wao alitupakia wote sita, akatupeleka stesheni, kutoka hapo kwa miguu mpaka shuleni, akatupanga mbele ya mwalimu mkuu, akauliza: "Nani anawafundisha hawa?"

Kibatari
Mbona umekata? Endelea!

BintiWaLushoto
Nimeshika mdomo hapa. Mwalimu alifanywaje?

DaktariWaChai
Chai hii ina tangawizi na iliki. Reli iliyokula jua kutwa nzima, sikio lingebandukia pale.

MtotoWaStesheni
Mkuu, sisi tulikuwa tunatembea peku kwenye kokoto hizohizo saa saba mchana. Ngozi yetu unaijua wewe?

Mlezi_Makini
Mimi sicheki. Mwalimu yule alistahili kufukuzwa. Huwezi kumwambia mtoto wa miaka kumi jambo lile bila kumwambia hatari yake. Ndiyo maana nasema sayansi ya vitendo kwa wadogo ibaki darasani.

MjukuuWaMhunzi
Ibaki darasani ndiyo tunapata wachora kadibodi. Watoto wale wangeenda relini hata bila mwalimu, walikuwa wanaishi pale.

Mlezi_Makini
Wewe una watoto?

MjukuuWaMhunzi
Ninao wanne na wote wana masikio mawili mawili.

Mwl_Mstaafu
Jamani, staha. Mtoto wa Stesheni, malizia.

MtotoWaStesheni
Mwalimu alijitokeza mwenyewe, akasema "ni mimi". Barua aliandikiwa, lakini hakuhamishwa. Wiki iliyofuata stesheni masta alikuja darasani na kofia yake, akatueleza kwamba dereva wa treni ya mizigo akikuona na kushika breki palepale, treni bado itapita juu yako ndipo isimame. Hakupaza sauti hata kidogo. Hatukurudi relini.

Na mwalimu hakuiacha mada. Kulikuwa na bomba la zamani la chuma, halina maji tena, linatoka kwenye tenki la stesheni na kukatiza uwanja wetu wa mpira. Akasimama mbali kabisa na jiwe, sisi tumelaza masikio huku. Anagonga mara moja, unasikia mara mbili: ya kwanza imepita kwenye chuma, ya pili inafuata kwa hewani. Hapo hata wagumu walielewa. Nimeshasahau mengi ya darasa la nne, ile "ko, ko" sijaisahau.

Injinia_Kapuku
Kwa wanaopenda hesabu: hewani sauti ni takriban mita 340 kwa sekunde, kwenye chuma cha pua ni zaidi ya mita 5,000. Ndiyo maana ya hizo "ko" mbili. Kama huna bomba, tumia goli la chuma, ila halitakupa mbili kwa sababu ni fupi. Na reli mpya ya SGR msiisogelee, treni inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na ule uzio haukuwekwa kwa urembo.

FundiBaiskeli_Tanga
Mnaongelea sauti tu, nishati mmeiacha yatima. Mimi nina dinamo ya zamani, ile inayosuguana na tairi. Naipindua baiskeli juu chini, mtoto anazungusha pedali kwa mkono, taa inawaka. Akizungusha haraka inawaka zaidi, akipunguza inafifia. Kisha nafanya ujanja: nachomoa waya wa taa bila kumwambia. Pedali linakuwa jepesi. Narudisha, linakuwa zito. Watoto wanashangaa hapo kuliko kwenye taa yenyewe, maana wanausikia mwanga unavyodai kwenye mikono. Juzi nikamuuliza mmoja, "Hii taa inakula nini?" Akafikiri, akasema, "Ugali wangu."

MamaPili_Awali
Huyo apewe cheti moja kwa moja.

Mlezi_Makini
Hiyo sawa. Ila vidole na mnyororo uangalie.

Kapteni_wa_Mvua
Mimi wanangu nawafundisha kwa radi. Ukiona mmweko anza kuhesabu sekunde, ukisikia ngurumo gawa kwa 5, unajua iko umbali gani.

Injinia_Kapuku
Gawa kwa 3.

Kapteni_wa_Mvua
Kwa 5, nimeisoma.

Injinia_Kapuku
Umeisoma kwa Wamarekani, wao wanapata maili. Sisi tunataka kilomita, gawa kwa 3. Na ukiweza kusikia ngurumo, acha kuhesabu, ingiza watoto ndani.

Kapteni_wa_Mvua
Sawa, ila yangu inawatuliza vizuri zaidi.

MkaziWaMbarali
Hakuna somo la mwanga lililonishinda kama tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa, na Rujewa kwetu ndipo watu walipojaa kuja kuangalia. Karibu saa sita mchana jua likabaki pete. Wengine walikuwa na miwani maalumu, wengine wamekamata filamu za eksirei. Mwanangu alikuwa mdogo, nikamkataza kutazama juu, akanuna, akatazama chini. Tulikuwa chini ya mwembe. Akanivuta suruali: "Baba, ona!" Ardhi yote imejaa vipete vya mwanga, na mkononi mwake viko, na kwenye shati langu viko. Kila upenyo wa majani umechora jua lake. Watu wazima tuliosafisha miwani hatukuviona mpaka tulipoonyeshwa.

Siku hizi nawaonyesha watoto wa jirani bila kungoja kupatwa: toboa karatasi ngumu kwa sindano, simama juani, picha ya jua inatua kwenye karatasi ya chini. Zidi kuisogeza mbali, jua linakua. Msiangalie jua lenyewe.

DaktariWaChai
Mimi siku hiyo niliangalia kwa eksirei ya goti la mama na macho yangu ni mazima.

MkaziWaMbarali
Shukuru Mungu wako, lakini usimfundishe mtoto wa mwenzio. Filamu inapunguza mwanga unaouona, mionzi inayounguza jicho inaweza kupita, na jicho kwa ndani halina maumivu ya kukustua.

Ukhti_Unguja
Sisi tulikwenda kuswali swala ya kupatwa kwa jua, na tuliporudi baba akatuwekea beseni la maji tuone kivuli cha jua humo.

MkaziWaMbarali
Beseni pia si salama, ukhti. Maji yanarudisha mwanga wa jua machoni.

Ukhti_Unguja
Basi swala ilitukinga.

MzaziWaKakamega
Upinde wa mvua nao rahisi: asubuhi au jioni, mtoto alipe jua mgongo, nyunyiza maji kwa mpira mbele yake. Saa sita hupati kitu, mtalowa bure.

MamaPili_Awali
Asanteni sana. Kitambaa, mikebe na mpira wa maji ninavyo. Dinamo kwa hapa Dar napata wapi?

Kibatari
Nenda kwa mafundi baiskeli wazee, vijana watakuuzia taa ya kuchaji.

FundiBaiskeli_Tanga
Ukikosa, tafuta tochi ya kuzungusha kwa mkono. Kazi ni ileile, ila ugali unaliwa kidogo.

BintiWaLushoto
Mtoto wa Stesheni, hukusema. Ilikuwa inatoka Tabora au Dodoma?

MtotoWaStesheni
Tabora. Aliyesema Dodoma tuna naye kundi moja la WhatsApp, mpaka leo anabisha.