Nyie wachambuzi wa prosesa, laki sita na nusu yangu mmeila

Wakuu, nina hasira tangu jana usiku, mnivumilie.

Nahariri video za harusi na sendofu hapa Mabatini, Mwanza. Mwezi wa nne nilikuwa nachagua kati ya laptop mbili za mtumba, moja ina prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Core i7-7500U, nyingine Core i5-8250U. Nikamsikiliza mchambuzi mmoja mwenye jina kubwa (simtaji). Akasema i7 ni i7 tu, i5 waachiwe wanafunzi. Nikatoa laki sita na nusu.

Kumbe hiyo i7 ya 2016 ina kori mbili (vichwa vya kufanyia kazi) na nyuzi nne (kazi inazoshika kwa mpigo, siyo nyuzi za humu jukwaani). Ile i5 ya 2017 ina kori nne, nyuzi nane. Zote zimepangiwa umeme wa wati 15. Intel wenyewe wameandika, unasoma kwa dakika moja!

Jana nikakaa na jirani mwenye ile i5. Faili moja, sendofu ya dakika 12, programu ileile, RAM GB 8 kila moja, zote kwenye chaja. Yake ikamaliza kurenda (kutoa video iliyokamilika) kwa dakika 26. Yangu 41, na pale juu ya kibodi huwezi kuweka kidole.

Nikairudia ile video ya mtaalamu wetu. Jaribio lote halifiki dakika! Prosesa za aina hii mwanzoni hukimbia kwa nguvu ya ziada, kisha zinarudi kwenye wati zake. Sasa wewe umepima nini? Tena kiyoyozi kinaonekana ukutani nyuma yake, mimi narendea chini ya bati saa nane mchana. Na mwisho kabisa wa maelezo chini ya video kuna namba ya duka lililompa mashine.

Pale Mwaloni, soko letu la dagaa, hata mtoto akitumwa dagaa anachota kwanza kiganjani, anapekecha aone kama kuna mchanga. Huyu kasifia gunia halijafunguliwa.

Na msiniambie wazungu ndio wakweli. Oktoba 2018 Intel waliwalipa Principled Technologies, kampuni ya kupima kompyuta, wapime prosesa yao i9-9900K dhidi ya Ryzen 7 2700X ya washindani wao AMD. Ryzen ya kori nane ikapimwa kwenye hali ya gemu, ambayo huzima nusu ya kori! Watu wakakomaa nao mpaka wakapima upya. I9 ikabaki mbele, ila pengo likapungua. Lakini hao walau waliandika walivyopima, ndiyo maana wakadakwa. Wa kwetu haandiki kitu. Nimemuuliza kistaarabu kwenye maoni alipima na RAM ngapi, kanifungia.

Mashine naiuza, laki tano na nusu. Ukija nitarenda mbele yako, dakika zote 41.