Nolan wa Insomnia dhidi ya Nolan wa Tenet

Kila anapotajwa mwongozaji wa filamu Christopher Nolan, wapenzi wa sinema hukimbilia Inception ya mwaka 2010 au Tenet ya mwaka 2020, na anayethubutu kusema kwamba anaipenda zaidi Insomnia ya mwaka 2002 huambiwa kuwa hiyo ni filamu ya kipolisi ambayo mwongozaji yeyote angeiweza. Wenye hoja hiyo huongeza kwamba imetokana na filamu ya Norway ya mwaka 1997, na kwamba Nolan hakutajwa miongoni mwa waandishi wake. Yote mawili ni kweli, ila hitimisho lao nalipinga.

Will Dormer, mpelelezi mkongwe wa Los Angeles anayeigizwa na Al Pacino, anapelekwa katika mji mdogo wa Alaska majira ambayo jua halizami. Akimfukuza mshukiwa katikati ya ukungu, anampiga risasi mpelelezi mwenzake, ambaye alikuwa amekusudia kutoa maelezo ambayo yangemharibia Dormer kazi yake. Tangu hapo si mtazamaji wala Dormer mwenyewe mwenye hakika kama ile ilikuwa ajali. Hakuna mtambo wa kuingilia ndoto za watu, kama ule wa Inception. Kuna mwanga unaopenya dirishani usiku kucha, mtu asiyepata usingizi, na muuaji aliyeyaona yote, anayempigia simu kwa sauti ya upole (naye ni Robin Williams, tuliyezoea kumwona katika vichekesho). Utata wote umo katika dhamiri ya mtu mmoja, wala hauhitaji mhusika wa kuueleza.

Katika Tenet, wahusika hutumia muda mwingi kuelezana kanuni za wakati unaorudi nyuma, mara nyingine huku muziki ukiyameza maneno yao, na shujaa hana hata jina. Ndege halisi aina ya Boeing 747 iligongeshwa kwenye jengo kwa ajili ya tukio moja. Nilistaajabu, lakini sikumhofia mtu yeyote.

Watakaonijibu kwa Memento ya mwaka 2000 watakuwa na hoja nzito, maana nayo imesukwa kwa ugumu: vipande vya rangi vimepangwa kutoka cha mwisho kurudi nyuma, vya rangi nyeusi na nyeupe vinasonga mbele, mpaka vinapokutana. Hata hivyo, mpangilio ule ni ugonjwa wa Leonard, mhusika mkuu, asiyeweza kuhifadhi kumbukumbu mpya, nasi tunaingia katika kila tukio bila kujua kilichotangulia, kama yeye. Kwa hiyo simlaumu Nolan kwa kupenda mafumbo; namlaumu pale fumbo linapokosa mwenyewe. Inception inanusurika kwa sababu ya Cobb, mhusika wake mkuu, na marehemu mkewe. Tenet ndiyo ninayoomba itetewe, na atakayeitetea aniambie alimwonea uchungu mhusika yupi, na katika tukio lipi, kabla ya kunifafanulia jinsi wakati unavyogeuzwa.