Bata watatu wamehamia uani kwangu na nina kuku. Niwachanganye?

Mama Zai
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko Kihonda, Morogoro. Tangu zile mvua za juzi kuna bata watatu wameingia uani kwangu, dume mmoja na majike wawili, hawa wa kienyeji wenye nyama nyekundu usoni. Nilidhani ni wa jirani, jioni watarudi kwao. Hawakurudi. Wanalala chini ya karo la kufulia na asubuhi ndio wa kwanza kwenye pumba za kuku. Jike mmoja anachechemea, uzi wa nailoni umemkaza mguuni mpaka pamevimba. Nikimsogelea ananichapa mabawa.

Nina mitetea kumi na mbili na jogoo mmoja, mayai yao ndiyo yanayonisaidia daftari na nauli za watoto. Kuwafukuza bata roho inaniuma, kuwachinja siwezi, si mali yangu. Je, niwaingize banda la kuku? Hawataleta magonjwa? Na huyu dume mbona anawakimbiza mitetea yangu?

Babu Mfugaji
Marahaba mwanangu. Kwanza mtafute mwenyewe. Bata wa mtaani huwa wana alama: kitambaa mguuni, rangi bawani, au kidole kilichokatwa ncha. Hata huo uzi unaweza kuwa alama, au alikuwa amefungwa akakata. Ulizia kwa majirani, hasa wanaokaa karibu na mto, kisha kamwambie mjumbe au mwenyekiti wa mtaa kwamba bata wako kwako. Mwenye mali akiwakuta kwako kimya kimya, hata kama uliwalisha kwa wema, maneno hayatakosekana.

Da Rehema wa Tanga
Pole dada. Huo uzi usiuache hata usiku mmoja zaidi, unakata damu na mguu unaweza kuoza. Subiri giza liingie. Mtupie kanga afunikwe kichwa, kisha mkumbatie mabawa yakiwa yamebanwa ubavuni. Usimnyanyue kwa miguu kama kuku, miguu ya bata huteguka upesi. Vaa mikono mirefu, kucha zake zinachana kweli. Mwenzako amulike tochi, wewe pitisha ncha ya mkasi mdogo chini ya uzi, ukate, uoshe kidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kesho yake asikanyage tope.

Afisa Mifugo Mstaafu
Banda moja hapana, angalau kwa wiki nne. Bata anaweza kubeba virusi vya kideri mwenyewe akiwa mzima kabisa, halafu kuku wako wakaisha wote. Watenge mbali, vyombo vyao mbali. Hudumia kuku kwanza, bata mwisho, kisha nawa na ubadilishe viatu.

Kuku wako walichanjwa lini? Chanjo ya kideri ya matone, ile ya I-2, ni tone moja jichoni na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Kama muda umepita, chanja sasa. Na ukiona ndege wanakufa ghafla kwa wingi, usile wala usiuze hata mmoja, mwite afisa mifugo wa kata.

Kijana wa Mabanda
Mama, huyo dume ndiye wa kumwangalia zaidi. Majike wawili ni wachache kwake, ndiyo maana anahamia kwa kuku. Dume la bata lina uume, jogoo hana, kwa hiyo akimpanda mtetea anaweza kumchana ndani. Halafu uzito: dume hawa hufika kilo 4 na zaidi, mtetea wa kienyeji kilo moja na kitu. Hata baada ya kuwatenga wakitoka wazima, majike wanaweza kuzoeana na kuku, yeye abaki upande wake.

Maji usiyaweke ndani ya banda. Bata huchezea mpaka maranda yanakuwa uji, na maranda mabichi ndiyo hustawisha vimelea vya kuku kuharisha damu. Wawekee beseni nje, lenye kina cha kuzamisha pua zote mbili, maana bila kusafisha pua na macho huugua. Bwawa si lazima.

Mama Zai
Mungu awabariki. Uzi tumeukata jana usiku, ulikuwa umeingia kwenye nyama, leo anakanyaga. Mjumbe nimemwambia, bado hajajitokeza mtu. Bata nimewazungushia wavu upande wa mpapai. Sasa kuna jambo jingine: yule jike mwingine ametaga chini ya karo. Yai nilifanyeje?

Babu Mfugaji
Liokote na uandike tarehe, mwenyewe akija mtaelewana. Usimwachie kulalia kwa sasa, mayai ya bata hawa huchukua siku 35, si 21 kama kuku, na hujui kesho watakuwa kwa nani. Mwekee boksi la majani makavu ndani ya wavu leo leo, kabla hajatoroka kurudi karoni.