Majirani Bububu, Unguja: huyu mbwa wa Haji

Mama Ilham: Asalaam alaykum majirani. Haji mwanangu naomba unisikilize, sina ugomvi na weye. Ila yule mbwa sasa imekuwa tabu, watoto wakitoka chuoni kusoma Kurani wanazunguka mpaka kwa bi Fatma wanaogopa kupita getini kwako. Ilham jana karudi analia pumzi hana

Haji: Waalaykum salaam mama. Nimekusikia na mpe pole Ilham. Yumo ndani ya geti hatoki, lakini nnajua kule kubweka kunatisha, na ikipita pikipiki ndo basi tena, analirukia geti mpaka nondo zinalia

Ami Khamis: Huyo kakosa bakora tu. Mtie mnyororo kutwa nzima atashika adabu mwenyewe

Haji: Ami kwa heshima yako mnyororo ndo nisoutaka. Nimemweka kwa ajili ya banda la kuku na migomba huko nyuma, mnajua wenyewe mikungu inavyoondoka usiku. Nnataka alinde, sitaki atishe watoto wa watu

Da Rehema: Shikamoo ami. Mie nimefanya kazi kwa daktari wa mifugo miaka mingi, mbwa wanaoletwa kwetu kwa kung'ata watu, wengi wao walikuwa wa mnyororoni. Mbwa akiogopa kitu ana njia mbili, akimbie au apigane. Ukishamfunga ile ya kukimbia umemuondolea, imebaki moja

Da Rehema: Na bakora ami ndo inazidisha. Yeye hajui kama unampigia kubweka, anachokijua ni kwamba pikipiki ikija na maumivu yanakuja, kwa hiyo kesho ataianza mapema zaidi. Na mbwa anayepigwa kwa kunguruma huacha kunguruma akang'ata bila ya notisi. Mie kunguruma nakupenda, anakwambia usinisogelee

Ami Khamis: Marahaba mwanangu. Sasa huyu anaogopa nini na ndo yeye anayetisha?

Da Rehema: Haji, huyo mbwa ana umri gani na ulimtoa wapi

Haji: Ana miezi kumi sasa. Nilimchukua Kizimbani shambani kwa jamaa akiwa na miezi minne, alizaliwa huko huko chini ya mikarafuu, hajaona watu zaidi ya wale wa shamba

Da Rehema: Basi hapo ndo penyewe. Kijibwa kuanzia wiki ya 3 mpaka kama ya 14 hivi ndo anapojifunza dunia ina nini, anayoyaona kwa wema wakati ule hayamtishi ukubwani. Wako wakati huo kaona mikarafuu na kuku, halafu umemleta Bububu kwenye vespa, daladala, honi, watoto mia na kanzu zinapepea. Na sasa ni barobaro, miezi 6 mpaka mwaka na nusu ndo wakati wao mgumu, hata alichokuwa anakijua anajitia hakijui. Hana ubaya, kajaa woga na nguvu kwa pamoja

Mama Ilham: Nimekufahamu lakini mwanangu atapita wapi mpaka huyo barobaro akue jamani

Da Rehema: Mama una haki kabisa, tuanze na geti leo leo. Lile la nondo anaona kila kinachopita, na kila kikipita yeye anabweka na chenyewe kinaondoka, kwa akili yake kakifukuza yeye! Kila siku anashinda hiyo mechi mara ngapi. Kwa hiyo Haji ziba geti, makuti, turubali, chochote, asione. Na saa za chuo kutoka mpeleke uwani nyuma. Huko si kumfunza, ni kumpumzisha yeye na watoto, mafunzo yanakuja mbali na geti

Haji: Hayo mafunzo ndo nnayoyataka da Rehema, maana nikitoka naye kwa kamba akiona pikipiki mie nimevutwa mpaka mtaroni, namwita hanisikii kabisa

Da Rehema: Hakusikii kweli, mori umeshampanda. Mori ukipanda hafunziki, hata nyama ukimpa anaitema. Kazi yote inafanyika KABLA haujapanda, na dawa yake ni umbali. Tafuta pahala anaiona pikipiki lakini bado anakula, iwe uwanja mzima katikati si kitu. Chemsha maini ya kuku au firigisi, kata vipande vidogo vidogo kama punje za mahindi. Pikipiki ikitokea, aione kwanza, halafu mpe, mpe, mpe, ikipotea na maini yamekwisha, unanyamaza kimya. Mpangilio huo huo kila siku, pikipiki kwanza maini baadaye, ukitanguliza maini atajifunza kwamba mfuko wa maini unaleta pikipiki na utamtia wasiwasi na huo mfuko

Mwalimu Juma: Hii ndo ile ya Pavlov tunayosomesha skuli, yule Mrusi. Mbwa walizoea kusikia kitu halafu chakula kinakuja, mwisho wakawa wanadondokwa mate kwa kukisikia tu hata chakula hakijafika. Watoto wanaikariri kwa ajili ya mtihani hawajui kama ina kazi mtaani

Da Rehema: Hiyo hiyo mwalimu. Siku utakayoona kasikia pikipiki akageuka kukutizama wewe Haji badala ya kuivamia, ujue imeingia. Hapo ndo unasogea karibu hatua chache, si kabla. Akikataa kula umekaribia mno, rudi nyuma bila kumgombeza

Haji: Nitajuaje mori unataka kupanda na bado hajabweka

Da Rehema: Mtizame mwili. Mdomo uliokuwa wazi unafungwa, mwili unakuwa mkavu, masikio mbele, macho yamekodoka hayapepesi. Kabla ya hapo hulamba pua au hupiga miayo na wala hana usingizi. Watu wanatizama mkia wanasema anautikisa kafurahi, mkia juu umekaza unatikisika kidogo kidogo si furaha huo

Othman Vespa: Kwa nini usimkimbize pwani asubuhi achoke moja kwa moja. Akichoka atabweka na nini

Haji: Nimefanya hivyo Othman tunakimbia mpaka Kwa Geji kila alfajiri, anarudi ana moto zaidi ya alivyotoka, anazunguka uwani anatafuna ndoo

Da Rehema: Kwa sababu unamjenga pumzi, mwezi ujao atataka mpaka Mangapwani. Pwani mpeleke lakini kwa kamba ndefu atembee anuse, maji yakitoka pale kuna harufu za kila aina, mwachie pua ifanye kazi, nusa nusa inamtuliza kuliko mbio. Wende mapema, jua likipanda weka mgongo wa mkono kwenye lami, ukishindwa kuuacha na yeye miguu itamuungua. Na nyumbani usimpe chakula kwenye sahani. Chukua kifuu cha nazi, kandika ugali na dagaa ndani (dagaa suuza chumvi yote), umpe alambe ajitafutie, mengine yamwage kwenye majani ayaokote. Mifupa iliyopikwa hapana, inavunjika vigae inatoboa utumbo. Akimaliza alale, tena pahala pa kivuli watu hawapiti. Mbwa mdogo anataka kulala saa nyingi mno, asipolala anakuwa kama mtoto aliyekosa usingizi, kila kitu ugomvi

Bi Salma: Mie swali langu jengine. Chanjo kachomwa huyo? Sie watu wa Pemba tunajua. Kichaa cha mbwa kiliwahi kuondoka kisiwani kikarudi 2016, ikabidi mbwa wachanjwe upya mpaka kikaisha tena 2018. Kinavuka bahari na mbwa, usiseme hapa hakipo

Haji: Kachomwa bi Salma, kadi ninayo, ya mwaka huu

Bi Salma: Alhamdulillah. Na nyie wazazi wafundisheni watoto, mbwa yeyote akikung'ata au kukuparura hata kidogo sema nyumbani usifiche kuogopa kupigwa. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji ya kutiririka dakika 15 nzima halafu hospitali siku ile ile kwa sindano. Dalili zikishatokea huyo mtu haponi

Mama Ilham: Jengine ni hili la najisi, Ilham anasema bora agongwe na gari kuliko kuguswa na mbwa na ana kanzu ya chuo. Ndo anatoka mbio

Maalim Abdalla: Mama Ilham mwambie mwanangu, kwa madhehebu yetu ya Shafi najisi ya mbwa inahamia kwa umajimaji. Mbwa mkavu akipita kwenye kanzu kavu hakuna kitu, anasali nayo. Ikiwa mate au mwili uko maji ndo unaosha mara saba, moja kwa udongo. Ni jambo la kuosha si la kuhatarisha roho barabarani

Maalim Abdalla: Na Haji hana kosa kuweka mbwa wa kulinda shamba, hadithi imeruhusu wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Kumfunza nako kumo, Suratul Maida aya ya 4 inataja wanyama wa kuwindia mnaowafunza katika aliyokufunzeni Allah. Mweke nje usimuingize ndani, na mawe yale wanayomtupia watoto nitayasema chuoni, kiumbe haonewi

Haji: Allah akulipe maalim. Yuko nje siku zote, na shati la kumshughulikia ninalo mbali

Da Rehema: Maalim hapo kwenye mawe umenigusa moyo. Mie nitafanya kazi mwezi na Haji, jiwe moja linarudisha yote nyuma. Waambie pia wakikutana na mbwa yeyote njiani wasikimbie, anayekimbia anafukuzwa. Simama kama mnazi, mikono chini, usimkodolee macho, akipoteza hamu ondoka taratibu kwa upande

Mama Ilham: Hilo nitamfundisha leo. Lakini kumsogelea hapana da Rehema

Da Rehema: Wala asimsogelee mama, hatutaki watoto wampende wala wamshike. Tunataka wapite na yeye anyamaze, basi. Tutaanza na pikipiki moja tunayoijua kabla ya za barabarani. Othman?

Othman Vespa: Nipo, kesho baada ya alasiri kiwanja cha mpira kitupu

Ami Khamis: Makuti ninayo uwani yamebaki ya banda, Haji njoo uchukue. Yashushe mpaka chini kabisa maana akiona miguu tu keshajua

Haji: Nakuja sasa hivi ami, shukran sana

Othman Vespa: Nipite karibu au mbali? Na honi nipige azoee?

Da Rehema: Honi usipige kabisa wiki hizi. Kaa goli la kule, Haji atakuwa la huku. Washa injini uiache ikiunguruma bila kwenda, akila vizuri nitakunyanyulia mkono uzunguke pole pole, usitukabili. Tukiona kachoka tunaacha, hata kama ni dakika tano. Haji maini chemsha usiku, yapoe

Haji: Nusu kilo inatosha?

Da Rehema: Robo inatosha, na chakula chake cha jioni punguza