Batman wa Kevin Smith: nianze na kipi?

Swali: Wadau, nataka kusoma katuni ya Batman: Cacophony ya Kevin Smith, yule mwongozaji wa filamu ya Clerks. Ina matoleo mangapi? Kuna cha kutangulia?

Jibu 1: Matoleo 3 tu, 2008 hadi 2009, mchoraji Walt Flanagan. Tangulia na Green Arrow, katuni nyingine ya Smith, toleo la 11 hadi la 15. Humo ndimo anamoanza Onomatopoeia, muuaji asiyesema lolote ila kutamka milio: risasi ikilia, naye anautamka mlio wake. Usipomjua mapema, Cacophony itakupwaya.

Jibu 2: Naunga mkono. Ukisoma kwenye simu, zima hali ya fremu moja moja, fungua ukurasa mzima. Utisho wa Onomatopoeia uko pale mlio uliochorwa unapokaa jirani na neno lake. Ukikata fremu, umeua kila kitu.

Jibu 3: Kisha Batman: The Widening Gyre ya Smith huyohuyo, matoleo 6. Tahadhari, inakatika pabaya mno na mwendelezo uliopangwa haukutoka. Ukitaka kisa kilichokamilika, chukua Daredevil: Guardian Devil, matoleo 8, michoro ya Joe Quesada. Kwangu ndiyo kazi bora ya Smith.